Nilivyomfundisha mbwa wangu wa kuwinda kuacha swala, kule Munkunyu

Wakuu, habari za humu ndani. Vijana kwa wazee, nawasalimu wote.

Juzi nimepita kwenye uzi wa jamaa anayelalamika kwamba mbwa wake anamaliza kuku wa majirani. Nikasoma komenti zote. Mpige, mfunge, muuze, mpeleke mbali umtupe. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasema leo na mimi naandika.

Mimi ni mzee, nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Picha sina. Wengi waliokuwepo wameshatangulia. Lakini haya yalitokea mbele ya macho yangu, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki, sitajaza kwa kubuni.

Sasa hivi naishi Mwanza kwa binti yangu. Kwetu hasa ni Munkunyu, magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, ukitoka Kasese kuelekea Bwera mpakani na Kongo. Mimi ni Mkonzo, naitwa Bwambale. Kwetu hilo ni jina la mtoto wa pili wa kiume, tuko wengi kama mchanga, hivyo msihangaike kunitafuta.

Ni mambo ya miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya, mpaka miaka ya sabini tulipokuwa chini ya jeshi.

Nilikuwa na shamba tambarare. Pamba kidogo, mahindi, na mihogo ambayo ndiyo ilikuwa inatulisha hasa. Ng'ambo ya barabara ya vumbi ilikuwa mbuga ya serikali. Wanyama hawakuwa na habari kwamba barabara ni mpaka.

Tembo akija unapiga debe na kumwomba Mungu, basi. Lakini adui wa kila siku alikuwa nguruwe pori. Kundi likiingia kwenye mihogo, asubuhi unakuta shamba limefukuliwa kama vile watu wamelima kwa zamu. Usipokuwa na mbwa wa kuwatoa hao, wewe na watoto wako mtakula majani.

Mimi mbwa nilikuwa naye. Jike, mwekundu, masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni. Nililetewa akiwa mdogo na rafiki yangu Kasereka, Mkongo wa Butembo aliyekimbia vita vya kwao akafikia kwetu. Alimtoa kwenye soko la Bwera, akamleta ndani ya kapu pamoja na vitunguu. Alinuka vitunguu wiki nzima.

Nikamwita Watasema. Kwetu jina la mbwa ni ujumbe kwa majirani. Wakati ule kulikuwa na watu wanaongea sana kuhusu ndoa yangu, nami nikaona badala ya kugombana niwe namwita mbwa kwa sauti kila jioni.

Mbwa wa aina ile habweki ovyo. Anawinda kimya. Ndiyo maana tunamvalisha shingoni kengele ya mti, ili ujue yuko wapi kwenye majani marefu. Mkiwa njiani kwenda kuwinda, kengele unaijaza majani makavu isilie. Mkifika unayatoa, na mbwa akisikia kengele yake imefunguka anajua kazi imeanza. Shikeni hilo la majani kwenye kengele, nitalirudia.

Sasa tatizo.

Watasema alikuwa hodari wa nguruwe, lakini alipenda swala kupita kiasi. Swala anakimbia vizuri, ananukia vizuri, hana meno ya kumpasua mtu tumbo. Hata ningekuwa mimi ndiye mbwa ningechagua swala.

Siku moja asubuhi alimfuata swala akavuka barabara, akaingia mbugani kengele inalia. Askari wa mbuga alikuwa palepale. Aliinua bunduki, majani yakamficha mbwa, hakupiga. Mchana wake alikuja nyumbani pamoja na mtu wa chifu.

Hakupiga kelele. Aliongea taratibu, na hilo ndilo lilinitisha.

"Hiyo mbwa yako nyekundu nimeiona," akasema. "Mimi sina neno na wewe. Lakini nikisikia kengele yake kwa upande wetu tena, siku hiyo ndiyo yake ya mwisho."

Wakuu, hakuwa anatania. Jirani yangu alikuwa ameshazika mbwa wawili kwa bunduki ileile.

Nikamfunga Watasema kwenye nguzo ya ghala. Nguruwe wakapata habari, sijui kwa njia gani. Kabla wiki haijaisha walikuwa wamemaliza mihogo ya upande wa bondeni. Biira, mke wangu, alikuwa anarudi kutoka shambani na kapu nusu, analiweka tu chini mbele yangu nilione.

Yaani nikimfungulia anauawa, nikimfunga tunakufa njaa. Hapo ndipo niliposema, huyu mbwa atafundishwa. Atapita katikati ya swala kama anavyopita katikati ya mbuzi wangu, akatafute nguruwe. Watu walicheka. Sikujali, nilikuwa nimeshaamua.

Nilianza na fimbo. Akimfuata swala namrudisha, namchapa. Alilia, akalala chini, akanilamba mkono, kesho yake akamfuata swala tena. Nikachapa zaidi. Ikawa akimkimbiza swala anamaliza kazi yake yote kwanza, ndipo anakuja kulala miguuni pangu apigwe, kama mtu anayelipa ushuru wa soko.

Kasereka akaja na dawa yake. Alisema kwao wanapaka pilipili kwenye ngozi ya swala, mbwa ananing'iniziwa ile ngozi puani mpaka aichukie.

Tukafanya. Watasema alipiga chafya, akatokwa machozi, akakimbia. Matokeo yake, aligoma kusogea jikoni kwa Biira, maana mle kulikuwa na pilipili. Swala aliendelea naye kama kawaida. Kasereka alipoulizwa akasema labda pilipili ya Uganda haina nguvu.

Aliyefumbua fumbo ni Biira.

Siku moja Watasema alikuwa amemwangusha swala upande wetu wa barabara, ndani ya pamba. Nikamchapa Watasema vizuri tu mbele ya wenzangu. Kisha tukafanya kama tulivyofanya siku zote. Kundi letu lilikuwa na utaratibu ambao tuliukuta kwa baba zetu: kabla mtu hajagusa nyama, mbwa aliyekamata anapewa damu na utumbo palepale, mwenye mbwa anachukua shingo, ndipo wengine wanagawana. Mbwa asipopewa haki yake, tuliamini mkono wa mwindaji utakuwa mzito, hatapata kitu tena.

Nikarudi nyumbani na shingo ya swala. Biira akapika. Tukiwa tunakula aliniuliza, kwa Kikonzo, mimi nawawekea Kiswahili:

"Leo umempiga Watasema?"

Nikasema nimempiga.

"Na utumbo umempa?"

Nikasema ndiyo, ni haki yake.

"Na shingo tunaila. Sasa baba, huyo mbwa asikie fimbo yako au asikie tumbo lake? Wewe mwenyewe ungesikia lipi?"

Nilikuwa namkataza mbwa kwa mkono mmoja na kumlipa kwa mwingine, siku ileile, kwa kosa lilelile. Fimbo aliihesabu kuwa bei tu, na bei ilikuwa nafuu.

Nikaacha kula. Nikamwambia Biira, nyama ya swala imeingia nyumba hii kwa mara ya mwisho.

Akasema, "Tutaona."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba training ya mbwa ni rahisi. Kazi ilikuwa kwa watu.

Niliwaita wenzangu wawili ninaowinda nao. Mmoja ni Kasereka mwenyewe. Wa pili ni Abdallah, dereva wa lori la samaki wa Katunguru, Mwislamu safi, ambaye kwenye kuwinda kazi yake ilikuwa kukimbia nyuma ya mbwa na kisu, ili amuwahi swala akiwa bado hai amchinje kwa jina la Mungu. Jamaa alikuwa na kitambi lakini mbele ya swala alikuwa anapaa.

Nikawaambia sheria yangu. Watasema akishika swala, hakuna fimbo, hakuna kelele, hakuna kumsifu. Namshika, najaza kengele majani, tunarudi nyumbani, kuwinda kumeisha. Na yule swala haguswi. Analala pale alipo, hata kama ni mnono kiasi gani. Akishika nguruwe, anapewa damu na ini palepale, na sisi tunamwimbia.

Abdallah akanitazama kwa huzuni sana. "Kwa hiyo swala tunamwachia fisi, halafu nguruwe ndiyo mnakula nyinyi. Mimi nakuja kufanya nini?"

Nikamwambia aje atusindikize.

Kasereka, Mkatoliki asiye na shida na nguruwe, alicheka mpaka akakaa chini. Cheko lake liliisha wiki hiyohiyo.

Tulikuwa karibu na mto. Watasema akamtoa swala kwenye majani, dume, shingo imejaa mafuta. Akamwangusha. Abdallah akafika, kisu kikafanya kazi kabla sijasema neno, mazoea yana nguvu. Kasereka naye akachomoa chake.

Nikaenda nikasimama juu ya yule swala. Wakuu, miguu yangu miwili juu ya ubavu wake.

"Bwambale," Kasereka akasema, "toka. Hii nyama itaoza bure. Batoto yangu beko na njaa kwa nyumba, na wewe uko unasimama juu ya chakula."

"Mkimkata huyu, mnamkata na mbwa wangu," nikamjibu.

"Imbwa haijui mambo ya kesho. Tukule leo, kesho utafundisha."

"Kesho askari atafundisha, kwa bunduki."

Nilikuwa na uchungu, sitaficha. Najua njaa ya watoto ni kitu gani, wangu walikuwa nayo pia. Lakini nilijua nikishuka pale juu, nimemuua Watasema. Nikainama nikang'oa majani, nikajaza kengele, nikamfunga kamba tukaondoka. Aligeuka nyuma mara kwa mara kutazama utumbo wake. Alikuwa haelewi.

Niliendelea hivyo majuma kadhaa, na kwa kweli nikaanza kuona mabadiliko. Akinusa swala anaanza kunitazama mimi kwanza. Kisha ghafla akaharibika. Tukatoka siku moja, akapita nguruwe wanaonekana kabisa, akaenda moja kwa moja kwa swala kama mwanzo.

Nilichanganyikiwa. Nyumbani hakupewa kitu, Biira alikuwa mkali kuliko mimi. Nikaanza kumfuatilia, nikamkuta mchana nyuma ya nyumba ya Kasereka anaguguna mfupa wa paja.

Kumbe Kasereka alikuwa anarudi kule porini baada ya sisi kuondoka, anakata paja moja kwa ajili ya wanawe. Na kwa sababu alimpenda yule mbwa, maana yeye ndiye aliyemleta kwenye kapu, alikuwa anamwita kimyakimya anampa mfupa. Alimwonea huruma.

Sikumgombeza. Nilikaa kwenye kigogo mlangoni kwake nikamwambia, "Umemrudisha kule kule. Itabidi nianze upya, na askari hatanisubiri."

Alitazama ule mfupa. Akaenda akamnyang'anya Watasema, akautupa chooni.

"Pardon," akasema. "Kumbe niko namuua na mufupa. Mimi mwenyewe."

Akalia, wakuu. Mtu aliyevuka mpaka na vita nyuma yake, sijawahi kumwona analia, alilia kwa sababu ya mbwa. Nami nilimwambia wazi kwamba nimeumia, lakini bado namhitaji. Tangu siku hiyo paja halikurudi nyumbani kwake. Tukikosa nguruwe, tunakula mihogo, wote sawa.

Tukaanza upya.

Sikumbuki ilichukua muda gani. Najua mahindi yalikuwa madogo tulipoanza, na yalikuwa yameshabeba tulipofika siku ninayotaka kuwaambia.

Tulikuwa tunapita kando ya barabara asubuhi, umande bado. Upande wetu, kwenye shamba lililolala, kulikuwa na swala wengi wamesimama, na ng'ambo alikuwa amesimama yule askari na bunduki yake. Alituona. Nilitamani kugeuza njia. Nikajiambia, kama si leo ni lini. Nikatoa majani kwenye kengele.

Kengele ikalia. Watasema akaenda. Swala wakainua vichwa, wawili watatu wakaruka hivi, wanamchokoza kabisa. Askari akashika bunduki vizuri.

Kengele ikapita katikati yao. Haikugeuka kushoto wala kulia. Ikateremka kwenye mfereji upande wa mihogo yangu, ikatulia kidogo, kisha tukasikia nguruwe anapiga kelele.

Tulikimbia na mikuki. Ini la yule nguruwe alilila Watasema peke yake. Kasereka alimwimbia wimbo wa Kinande, lugha ya kwao, nisioujua, na Abdallah, ambaye nguruwe hata kumtazama hataki, alisimama mbali amegeukia mlima akiwa anapiga makofi.

Askari alivuka barabara, akamtazama mbwa anavyokula. Akasema, "Hii sasa ni mbwa." Akaondoka. Hakuwahi kuja kwangu tena kwa ubaya.

Mngedhani uzi umeishia hapa. Ungeishia hapa kama serikali isingebadilika.

Ilikuja miaka ya jeshi. Chumvi shida, sukari ndoto, sabuni tulitengeneza kwa majivu. Wanajeshi walikuwa wanaingia mbugani na Landrover, wanapiga swala kwa bunduki za vita kama wanavyotaka, na yule askari wa mbuga anatazama pembeni. Angefanya nini?

Watasema alikuwa ameanza kuzeeka, mdomo mweupe, lakini mihogo yetu ilikuwa bado salama kwa sababu yake.

Siku moja tulikuwa mimi na Kasereka, tunarudi mikono mitupu. Landrover ikasimama. Akashuka mmoja mwenye cheo, mrefu, amelegeza mkanda.

"Wewe. Kuja hapa."

Nikaenda.

"Hiyo umbwa inawinda?"

"Ndiyo, afande."

"Swala yangu iko na risasi, imeingia kwa majani ile. Fungua umbwa, itoe haraka."

Nikatoa majani kwenye kengele, huku najua kitakachotokea. Nikampa ishara. Watasema akasogea mpaka kwenye damu, akanusa. Akanitazama. Kisha akarudi, akakaa chini miguuni pangu. Kengele kimya.

"Kwa nini inakaa?"

"Afande, huyu hafuati swala. Alifundishwa kuacha."

"Nani alifundisha?"

"Mimi, afande. Serikali ilisema mbwa akifuata swala atapigwa risasi."

Akaweka bunduki sawa, mtutu ukamwelekea Watasema.

"Na mimi nasema ikikataa swala, itapigwa risasi."

Wakuu, nilitazama ile bunduki nikaona miaka yangu yote ya ubishi imenirudisha palepale, tena pabaya zaidi. Ningeweza kumpigia mbwa kelele, kumchapa, kumkokota hadi kwenye damu. Sikufanya. Hasira ilinipanda kuliko woga.

"Afande, basi atakufa," nikasema. "Lakini hatafuata. Hata mimi nikimwambia sasa hivi, hatafuata."



Yule afande alimtazama mbwa. Mbwa alimtazama yeye, ametoa ulimi, hana habari. Ndipo afande akaanza kucheka, akageukia wenzake kwenye gari.

"Nyinyi, angalia. Uganda muzima, sheria imebaki kwa umbwa."

Wakacheka wote. Akapanda gari. Nyuma walikuwa na swala wengine wamerundikwa, yule mmoja hakuwa na haja naye. Wakaondoka na vumbi lao.

Nilikaa chini barabarani.

Tukabaki tunasikia yule swala anakoroma kwenye majani. Kasereka akachukua mkuki, akaenda kummaliza asiteseke. Kukoroma kukakoma. Nilijua kuna nini nyumbani kwake siku hiyo, maana ndicho kilichokuwa kwangu: mihogo bila chumvi. Na pale kwenye majani kulikuwa na nyama ya nyumba zote mbili, imeshakufa, na hakuna askari wala afande.

Watasema alikuwa amekaa katikati ya barabara anatutazama.

Kasereka akatoka kwenye majani. Mikono mitupu. Kisu kiko kiunoni, hakijachomolewa. Akafuta mkuki kwenye nyasi, akang'oa majani makavu, akapiga magoti mbele ya Watasema, akaijaza kengele vizuri, taratibu, kama anavyofanya mwenye mbwa. Mimi sikuwa nimesema neno.

Tukaenda nyumbani.

Watasema alikufa kwa uzee, amelala juani karibu na ghala. Mimi na Kasereka tulimzika pamoja na kengele yake.

Nilichojifunza ni hiki. Mbwa hasikii unachosema, anasikia unachofanya baada ya kusema. Fimbo yangu haikumfundisha kitu. Alijifunza siku watu waliomzunguka walipokubali kukosa pamoja naye.

Haya, uwanja ni wenu. Waliowahi kuwinda na mbwa wa kengele, popote mlipo, leteni ya kwenu nisome. Wanaobisha nao wabishe, mimi kwa ubishi sijambo.

Na wewe mdogo wangu mwenye mbwa anayemaliza kuku, kabla hujashika fimbo nijibu hapa hapa kwenye uzi, bila kunifuata inbox: yule kuku wa mwisho aliyemuua, alipikwa nyumba gani?